Malkia Alisema Pazuri

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu kanipa daftari hili. Kasema, "Kila jioni unanisimulia mji mzima mpaka usingizi unanikimbia. Andika humo, mimi nipumzike." Haya, naandika. Shule niliiacha mapema, mimi na hesabu tulikuwa hatuelewani, ila kuandika naandika.

Kazi yangu ni kukodisha viti, maturubai na kipaza sauti. Harusi, misiba, mikutano, kote nipo. Watu wakilia wanakaa, wakicheka wanakaa. Mvua ikianza nauza na miavuli. Mke wangu ni fundi cherehani, ana kona yake pale mlangoni mwa soko. Jirani yake ni shemeji yangu, kaka yake wa kuzaliwa, kinyozi. Huyo ukikaa kwenye kiti chake unatoka na kichwa kidogo na siasa nyingi.

Mawingu yameanza kujikusanya.

Alhamisi, 7 Machi

Leo bomba jipya la zahanati limezinduliwa. Viti vyangu, kipaza sauti changu, mgeni rasmi Malkia.

Malkia wetu hana jeshi wala polisi. Getini kwake kuna mzee mmoja na redio yake, basi. Madaraka serikali iliyachukua kabla sijazaliwa, ikamwachia nyumba kubwa yenye rangi inayobanduka, na heshima. Diwani ndiye tunayempigia kura. Lakini Diwani akiingia ukumbini watu wanaendelea kutafuna karanga. Malkia akiingia, hata mbwa aliyelala mlangoni anasimama. Mama wa watu, mnene kiasi, mguu mmoja unamsumbua, kicheko chake unakisikia ukiwa mtaa wa pili. Nampenda, sifichi.

Kurudi tulipita bondeni, nyuma ya kiwanda cha mbao. Majani mabichi, kaupepo kanapita. Malkia akasimama kupumzisha mguu, akashika kiuno, akasema, "Hapa pazuri jamani. Watu wangekaa hapa wangefurahi."

Akaendelea na safari. Mimi nilikuwa nyuma yao na spika begani. Nikaona shingo ya Diwani inageuka, taratibu, kama ya kuku aliyeona mdudu.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Miavuli yote imekwisha. Asante Mungu, na endelea hivyo hivyo.

Alhamisi, 14 Machi

Nilipanga viti kwenye ukumbi wa baraza, nikakaa nyuma kusubiri kuvikusanya. Ajenda: soko lihamie wapi. Hili jambo wanaligombania tangu binti yangu wa kwanza hajaota meno. Soko la sasa limebanana, magari hayapiti, kila mwaka wanatupiana maneno na kutawanyika.

Leo wamemaliza kabla chai haijapoa. Diwani kasimama: "Ndugu zangu, Malkia mwenyewe amesimama bondeni, amesema ni pazuri, watu wakae pale. Sisi ni nani?"

Mjumbe mmoja, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akanyoosha mkono. "Mwenzetu, kuhusu maji ya..."

"Unapinga kauli ya Malkia?"

Mkono ukashuka ukajikuna kisogo. Wakapiga makofi. Soko linahamia bondeni mwanzoni mwa Aprili, "kwa heshima ya Malkia".

Nimerudi nyumbani na habari kama nimebeba zawadi. Mke wangu kaacha kukata kitambaa.

"Bondeni? Mimi nimekulia nyuma ya kile kiwanda. Mvua ikikolea pale panageuka bwawa. Kila mtu anajua."

"Sasa mbona hawakusema?"

"Na wewe ulikuwepo. Mbona hukusema?"

Mimi ni mtu wa viti, mke wangu. Lakini jibu hilo sikulitoa kwa sauti, maana mkasi ulikuwa mkononi mwake.

Jumamosi, 16 Machi

Shemeji ananyoa mtu, mimi nasubiri zamu. Kasikia habari, wembe umesimama hewani.

"Nani alimpigia kura huyo mama yako?"

"Shem, kuwa na adabu. Ni Malkia."

"Naam. Alizaliwa tumboni mwa nani ndiyo sifa yake. Mimi nilizaliwa tumboni mwa muuza vitumbua, mbona hamniulizi soko liende wapi?"

"Wewe hukuulizwa hata harusi ya dada yako."

Mteja kacheka mpaka shemeji akamshika kichwa asikatwe sikio. Kicheko nilishinda mimi. Mabishano, sina hakika.

Jumanne, 19 Machi

Wanawake wa sokoni wameunda ujumbe kwenda kumwambia Malkia ukweli. Kiongozi ni Mama Samaki. Huyu ana mdomo! Aliwahi kumfukuza mtu wa ushuru kwa maneno matupu, yule bwana akahama na mji. Tukasema hapa kazi imeisha.

Wamerudi wanatabasamu, kila mtu na ndizi mkononi.

"Mmemwambia?" mke wangu kauliza.

Mama Samaki kaangalia chini. Mama Samaki, anaangalia chini! "Nilifungua mdomo kabisa. Kabla sijaanza akaniuliza goti langu linaendeleaje. Goti langu, fundi! Nilimwambia mara moja tu, mwaka juzi, msibani. Sasa ningeanzaje?"

"Kwa hiyo mkasema nini?"

"Tukamshukuru."

"Kwa lipi?"

"Kwa... kutukaribisha."

Mke wangu kavuta cherehani, kashona mshono mmoja mrefu bila kupumua.

Jumamosi, 23 Machi

Zamu yangu. Malkia alikuwa na wageni, akaagiza viti. Asubuhi nimemwapia mke wangu kwamba leo nasema, potelea mbali. Njiani nimefanya mazoezi. Nimemwambia punda wa mwenye mkokoteni, punda kaelewa kabisa.

Nimefika. Malkia mwenyewe katoka barazani, kanishika mkono wangu huu wenye vumbi. "Bwana Viti! Karibu. Umekula?"

"Nimekula, Mtukufu. Mtukufu, kuhusu lile bonde..."

"Enhe. Nasikia mmechagua kupeleka soko kule. Vizuri, nyinyi ndio mnaojua. Lina nini?"

Ananiangalia. Macho yake yanasikiliza, sijui nielezeje. Mtu anakusikiliza hivyo unaona aibu kumpa neno chungu. Jasho likanishuka mpaka kwenye soksi.

"Lina... hewa," nikasema. "Hewa nzuri sana."

"Hewa," akasema. "Haya, hewa ni muhimu."

Nyumbani mke wangu kanipakulia chakula. Kaweka sahani. Kaondoka. Hata kijiko nimejitafutia.

Jumatano, 27 Machi

Mvua.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua tena. Miavuli inatoka lakini furaha sina.

Jumanne, 2 Aprili

Tumehama. Vibanda vimesimama kwenye nyasi, Diwani kakata utepe, Malkia hakuwepo, kaenda kumwangalia bintiye aliyejifungua. Mke wangu kapata kona karibu na njia. Kaweka cherehani juu ya matofali. Nikamuuliza ya nini. Kaongeza tofali jingine.

Cherehani ile ndiyo ada ya watoto. Mimi viti vyangu wiki hii vinaitwa, wiki ijayo vinalala. Cherehani hailali. Na sasa hivi kabatini ana sare za shule nzima, mwalimu mkuu keshalipa nusu.

Jumatano, 3 Aprili

Jua. Watu wamenicheka, "Mko wapi na bwawa lenu?"

Jumanne, 9 Aprili

Leo lazima niandike.

Mvua ilianza alfajiri, ile isiyo na haraka. Saa nne asubuhi nikasikia kelele kutoka bondeni. Nilikuwa na mkokoteni wa viti, napeleka kwenye mahafali. Nikageuza.

Maji yalitokea upande wa kiwanda, ya kahawia, yamebeba maranda ya mbao kama povu la uji. Kwanza kwenye vifundo. Nilipoteremka bondeni, magotini. Nyanya zinaogelea. Ndoo zinazunguka. Samaki wa Mama Samaki wamerudi kwao, na yeye anawafuata kwa matusi. Nilitaka kucheka, kicheko hakikutoka, maana nilimwona mke wangu.

Alikuwa kasimama juu ya matofali, kichwa cha cherehani kakibeba begani, mkono mwingine umeshika nguzo ya kibanda. Meza ya cherehani imeshakwenda. Kabati linaelea, mlango wazi, sare za watoto zinatoka moja moja na kutandaa juu ya maji, rangi ya bluu.

"Usilete mdomo wako," akapiga kelele, "leta viti!"

Hapo ndipo akili ikanirudia. Viti vya plastiki ukivipachika kumi kumi vinakuwa kigogo. Shemeji akaja, na wale vijana wa kiwanda, tukavipanga mafungu mafungu kutoka kwenye vibanda mpaka ukingoni pakavu, wanaume wakavishikilia kwa miguu na mikono, wanawake wakapita juu yake. Mama mmoja na pacha wake. Bibi mmoja muuza viungo kabebwa mgongoni na shemeji, anamchapa na upawa, "Taratibu, mimi si gunia!" Mke wangu kapita wa mwisho, na chuma chake begani. Nilitaka kumpokea, akakataa.

Hakufa mtu. Naandika tena: hakufa mtu. Lakini biashara ya soko zima ilikuwa inateremka kuelekea mtoni, na viti vyangu vingi nyuma yake.

Mchana Malkia akaja. Kumbe alirudi jana. Kavaa gambuti, gauni kalikunja kiunoni, kaingia mwenyewe kwenye matope, mzee wa getini nyuma yake anamlilia asiteleze. Akaangalia. Uso wake ulikuwa hauna kicheko hata chembe.

"Nani aliyechagua mahali hapa?"

Watu wakaangalia matope.

"Nauliza. Nani?"

Diwani, viatu mkononi, suruali imekunjwa, akasema kwa sauti ya mtoto aliyevunja kikombe, "Ni... ni wewe, Mtukufu."

"Mimi?"

"Ulisema pazuri. Ile siku ya bomba."

"Nilisema pazuri kwa sababu mguu uliniuma na nilipata upepo. Hata mume wa mtu naweza kusema ni mzuri. Je, mtaniletea nyumbani?"

Hakuna aliyecheka. Mimi, mchekeshaji mkuu wa mji huu, sikucheka.

"Lakini hakuna aliyejua maji yanapita hapa?" akauliza. "Mji mzima?"

Ndipo mke wangu akasema. Kalowa, maranda kichwani, cherehani bado begani. "Tulijua, Mtukufu. Tunakuogopa."

"Mnaniogopa? Mimi nimewahi kumfanya mtu nini?"

"Hujawahi kumfanya mtu kitu. Ndiyo maana. Ungekuwa mbaya tungekusema. Diwani tunamsema kila siku, anazoea. Wewe unatuuliza magoti."

Malkia akashika pindo la gauni. Akafuta uso, sijui mvua sijui nini. Akasema, "Basi heshima yangu ilikuwa mbovu, iliwafunga midomo. Njooni nyumbani. Leteni mizigo yote."

Jumatano, 10 Aprili

Soko limehamia barazani kwa Malkia. Sitanii. Mama Samaki anauzia kwenye ngazi za mbele. Vitunguu sebuleni. Mke wangu yuko chini ya picha kubwa ya babu yake Malkia, mwenye masharubu na upanga, anausafisha mtambo wa cherehani kwa mafuta ya taa. Malkia kamkopesha cherehani ya marehemu mama yake wakati ile inakauka. Anakesha kwenye sare, mwalimu mkuu kampa muda.

Wateja wanavua viatu kununua bamia. Mzee wa getini kazima redio, burudani imekuja yenyewe.

Jumapili, 14 Aprili

Shemeji kaja kula kwetu. Nilimngoja kwa hamu.

"Umeona?" nikaanza. "Kafungua nyumba yake. Kitanda chake kimezungukwa na viazi. Diwani yuko wapi?"

"Nimeona. Mama mwema, nimemvulia kofia." Akachovya tonge. "Sasa nijibu hili, shem. Diwani alipokosea, mimi mwakani namtoa. Malkia akikosea namtoaje?"

"Hakukosea! Alisema pazuri tu."

"Ndiyo kosa lenyewe lilivyo. Mtu ambaye hawezi kutolewa, hata pumzi yake inakuwa amri. Na huyu ni mwema. Akija mwanawe, au mjukuu wake, mpumbavu kama baadhi yetu hapa mezani?"

Mke wangu kacheka. Nami nimekaa na tonge mkononi. Nampenda Malkia vile vile, zaidi hata. Lakini kupenda nimeona si jibu la swali lile.

Jumatano, 17 Aprili

Manyunyu. Binti yangu ana mafua.

Jumamosi, 20 Aprili

Mkutano wa mji wote, uwanja wa shule. Maturubai yangu yote, viti vilivyobaki. Diwani aliagiza kiti cha Malkia kiwekwe mbele peke yake, chenye mto. Malkia alipofika kakichukua mwenyewe, kakiburuta mpaka safu ya sita, katikati ya bibi wa viungo na muuza mitumba. Mto kampa bibi.

Ajenda ni moja: soko liende wapi. Uamuzi unapelekwa kwenye baraza la mji, na Diwani kaapa mbele ya watu utafuatwa. Watu wakanong'ona, kila mtu anaangalia safu ya sita. Mwishowe Diwani, "Labda Mtukufu atuongoze..."

Malkia akasimama. Nikampelekea kipaza sauti.

"Mimi nina wazo kama mkazi mwingine yeyote. Naona soko lirudi pale lilipokuwa, tupanue kidogo. Haya. Sasa nani ananipinga?"

Kimya.

"Hatutapiga kura mpaka mtu anipinge."

Watu wakacheka kidogo, kwa heshima. Malkia hakucheka. Akakaa. Kimya kikaingia, kikatanda, kikaanza kunuka. Mtoto mmoja kalia, mama yake kamziba mdomo haraka kama kalia kwa kumpinga Malkia. Diwani kajipangusa. Shemeji! Nikamwangalia shemeji, bingwa wa siasa. Anachunguza kucha zake.

"Kinyozi," akasema Malkia, "nasikia unanisema vizuri sana kule kazini kwako."

Mtu mzima kageuka rangi. "Mimi... Mtukufu... wazo lako lina hewa."

Wallahi nilitaka kuingia chini ya spika.

Ndipo nikaona kitambaa cha kichwa ninachokijua kinanyanyuka. Mke wangu. Kazi anafanyia kwa Malkia, cherehani ya Malkia, mkataba wa sare haujaisha, na anasimama.

"Nakupinga mimi."

"Asante, fundi. Sema."

"Soko la zamani njia yake haipitishi gari. Mtoto wangu wa pili nilimzaa pale pale chini ya meza ya kukatia, gari la zahanati lilikwama kwenye vitunguu. Hamkumbuki? Tumelisahau kwa sababu bonde lilikuwa baya zaidi. Mimi nasema twende gereji ya zamani ya mabasi. Iko juu, ina sakafu, ina malango mawili, ni mali ya baraza."

"Kuna magari mabovu pale," Diwani akadakia.

"Ndiyo. Na tunajua ni ya nani."

Uwanja ukalipuka. Hapo watu wakapata ndimi zao. Mwenye duka la ujenzi akazungumzia mifereji bila kujikuna. Mama Samaki kadai sehemu ya barafu. Mtu akamwambia Malkia kabisa, "Hapana mama, hapo umekosea," na anga halikuanguka.

Tukapiga kura kwa mikono. Soko la zamani: Malkia akanyoosha wake, juu, bila aibu. Diwani kanyoosha wa kwake fasta, kageuka kuangalia nyuma, kakuta wako wachache kama meno ya bibi yangu. Akaushusha. Malkia akauacha juu mpaka wamalize kuhesabu.

Gereji ikashinda kwa mbali.

Hapo tena watu wakaganda. Ukishangilia unamtukana, ukinyamaza unamwonea huruma. Malkia akasimama, akaanza kupiga makofi yeye, peke yake, yale makofi mazito. Halafu uwanja mzima.

Nilimpelekea maji baadaye. Akaniambia polepole, "Bwana Viti, tangu nizaliwe sijawahi kushindwa kitu mbele za watu. Inauma, kumbe." Akanywa. "Mkeo ni mtu wa maana. Umtunze."

Sijawahi kumheshimu kama wakati ule. Alipokuwa anashinda tulikuwa tunainama tu kwa mazoea.

Jumatatu, 6 Mei

Magari mabovu yameondolewa. Moja lilikuwa na kuku ndani, wanataga. Diwani kasema si wake. Kuku walimfuata.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua ya mwisho mwisho. Gereji haivuji. Sare zimekabidhiwa zote.

Jumanne, 14 Mei

Shemeji kafungua kibanda kipya cha kunyolea, kioo kirefu. Nikamuuliza kama sasa kamkubali Malkia. "Bado sijampigia kura," akasema. Nikamwambia hata Malkia hajamwomba kura. Tumekubaliana hapo, kila mtu na upande wake, na kaninyoa bure.

Jumamosi, 18 Mei

Jua. Mke wangu karudi jioni, kavua viatu, kanyoosha miguu, leo yeye ndiye mwenye hadithi.

"Malkia wako kaja dukani na gauni. Pindo limefumuka."

"Ukamshonea?"

"Nilikuwa na watu. Nikamwambia asubiri zamu."

"Ulimwambia Malkia asubiri?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Akauliza wa mwisho ni nani," akasema mke wangu, "akakaa nyuma yake."